Barakoa ya mgodini na faili ambalo hakuna anayeliulizia

Kijana wa Dar akipata kazi mgodini, iwe Geita, Kahama au Mererani, maswali ya nyumbani yanajulikana: mshahara shingapi, chakula wanatoa, likizo kila baada ya muda gani, utatuma hela mwezi wa ngapi. Sijawahi kusikia shangazi anauliza "na kifua umepima kabla hujaenda, na hicho cheti kiko wapi?" Na siwalaumu, maana hata walioko huko huko mgodini wengi wanajua barakoa ni kitu cha kuchukua stoo asubuhi, unavaa supavaiza akiwa karibu, akiondoka unaishusha kidevuni, basi. Kumbe nyuma ya hiyo barakoa kunatakiwa kuwe na mfumo mzima, kuna vipimo, kuna daktari, kuna mafunzo, kuna daftari na mafomu kibao, na ukiniuliza mimi kipi kati ya hivyo kitamsaidia mtu akishafika miaka 50 na kifua kinabana, ntakwambia ni yale mafomu. Najua inasikika kama maneno ya mtu wa ofisini. Ngoja nieleze.

Vumbi linaloleta kesi mgodini sio lile jekundu linalokuchafulia shati, lile unakung'uta maisha yanaendelea. Lenye shida ni lile usiloliona. Dhahabu nyingi inakaa ndani ya mishipa ya kwatzi, yale mawe meupe meupe yanayong'aa, na kwatzi ni silika, sasa ukitoboa kwa drili, ukilipua baruti, ukiponda, ukisaga kwenye karasha, ile silika inavunjika vipande vidogo sana, na vile vya kama maikroni 4 kushuka chini ndo vinapita pua, vinapita koo, vinaenda mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu pale hewa inapoingia kwenye damu. Vikifika huko mwili hauna njia nzuri ya kuvitoa. Seli za ulinzi zinavimeza zinakufa, zinakuja nyingine zinakufa, kovu linajengeka juu ya kovu mpaka pafu linakakamaa. Hiyo ndo silikosisi, dawa ya kuirudisha nyuma haipo, na kwa watu wengine inaendelea kukua hata wakiwa washaacha mgodi zamani.

Cha kushika hapo ni muda. Silikosisi ya kawaida inachukua miaka 10 na zaidi kujionyesha, vumbi likiwa kali inakuja ndani ya miaka 5 mpaka 10, na kuna ile ya vumbi la kupindukia ambayo haina subira, inaweza kuanza hata ndani ya wiki au miezi. Kwa walio wengi ni hiyo ya kwanza. Maana yake siku unaanza kuhema ukipanda ngazi za daladala ushabadilisha kampuni mara tatu, kontrakta wa kwanza alishafunga ofisi, mtunza stoo aliyekuwa anakupa barakoa hata jina lake umesahau, na wewe upo zako Mbagala unauza duka. Halafu daktari anakuuliza "ulifanya kazi wapi, miaka mingapi, vumbi lilikuwaje?" Utamjibu nini?

Na kabla hujafika kwa huyo daktari kuna TB katikati. Silika inazilemaza zile seli ambazo kazi yake ni kupambana na vimelea vya TB, kwa hiyo mtu mwenye silikosisi anaipata TB kirahisi kuliko mwenzake, na akiwa na VVU pia basi hatari hazijumlishwi, zinazidishana, tafiti za wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini zilionyesha hivyo wazi. Kwenye eksrei magonjwa haya mawili yanaweza kufanana, ndo maana unakuta mtu kameza dawa za TB, kamaliza, kikohozi kipo palepale, anaanzishiwa tena. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ambayo toka enzi ni hospitali ya TB, imejikuta ikihudumia wachimbaji wa Mererani kwa sababu hiyohiyo. Na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, toka 1997 limeiweka silika ya kuvutwa kwenye kundi la vitu ambavyo hakuna ubishi vinasababisha saratani kwa binadamu.

Sasa kiasi gani ni kingi? Marekani kwenye viwanda na ujenzi waliweka toka 2016 kiwango cha maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa shifti ya masaa 8. Mamlaka yao ya usalama migodini, MSHA, ikaja na kanuni yake Aprili 2024, nayo ikasema 50, na hewa ikifika 25 tayari unatakiwa uanze kushughulika. Hiyo ya migodi imeingia kwenye mivutano ya mahakamani na tarehe zake zinasogezwa, siasa zao tuwaachie, mi nataka uone ukubwa wa namba. Mtu wa kazi akivuta hewa shifti nzima anavuta kama mita 10 za ujazo, zidisha kwa 50 unapata maikrogramu 500, yaani nusu miligramu. Ni kama punje nane za chumvi ya mezani kwa siku nzima ya kazi. Ukizidisha hapo ushavuka mpaka. Kwa macho huwezi kuona tofauti ya eneo lenye 50 na lenye 200, kwa hiyo yule anayesema "leo hakuna vumbi bwana, vua tu" hajapima kitu, ameangalia tu.

Barakoa iko mwisho wa foleni

Kuna kitu kinapindishwa sana. Kwenye kanuni zote za maana barakoa inakuja mwisho, baada ya vingine kushindikana au wakati vinatengenezwa. Kwanza maji: drili inayomwaga maji inaua vumbi pale linapozaliwa. Halafu hewa, feni na njia za upepo za kuondoa vumbi shimoni. Halafu mitambo yenye kebini zilizofungwa vizuri na kiyoyozi chenye filta, karasha iliyofunikwa, barabara za mgodi zinazomwagiwa maji. Vyote hivyo vinamlinda hata aliyesahau, hata mvivu. Barakoa inamlinda aliyevaa tu, tena kama amevaa sawasawa. Kampuni ikikimbilia kununua maboksi ya barakoa kabla haijavuta bomba la maji hapo ujue kuna mtu anabana matumizi, maana boksi ni rahisi kuliko pampu.

Sawa, tuseme yote yamefanyika na vumbi limebaki kidogo, barakoa gani? Zile za kutupa zenye herufi za Kimarekani N95 filta yake inazuia angalau asilimia 95 ya chembe za ule ukubwa mgumu kuuzuia, P100 inazuia asilimia 99.97. Za Ulaya FFP2 ni asilimia 94, FFP3 ni asilimia 99. Kitenge, kile kitambaa cha buluu cha hospitali, skafu ya kichwani, hizo hazimo kabisa kwenye mazungumzo haya. Na ukienda Gerezani au Kariakoo kununua mwenyewe angalia mikanda: N95 halali ya kazini ina mikanda miwili inayozunguka kichwa, mmoja juu mmoja chini, na kwenye barakoa yenyewe imechapwa namba ya uthibitisho inayoanza na TC-84A. Zile za kuning'iniza masikioni zilizojaa mjini toka enzi za korona ni KN95, kipimo cha Kichina, filta yake inaweza kuwa nzuri tu lakini kamba za masikio hazivuti barakoa ikashika uso vizuri, kwa dereva wa bodaboda poa, kwa mtoboa mwamba hapana.

Hapa watu wengi ndo wanapotea: asilimia ya filta sio ulinzi unaopata. Hewa ni mvivu, inapita palipo rahisi, na pale pembeni ya pua penye upenyo ni rahisi kuliko kupita kwenye filta. Ndo maana wataalamu wana namba nyingine, ile ya ulinzi unaotarajiwa ukiwa kazini kweli, na barakoa ya nusu uso, ile ya kufunika pua na mdomo, N95 ikiwemo, wanaipa 10 tu. Kumi, sio mia. Yaani nje kukiwa na maikrogramu 500 ndani unatarajia 50. Ya uso mzima yenye kioo inapewa 50, kwa hiyo nje 500, ndani 10.

Af fanya hesabu hii, mi ndo iliyonibadilisha kabisa namna ninavyoiangalia hii ishu. Chukua mtu wa nusu uso kwenye hewa ya 500. Akivaa shifti nzima anapata wastani wa 50. Akivua dakika 48 tu kati ya zile 480, kuongea na simu, kuvuta sigara, kupiga stori na fundi, wastani wake unaruka mpaka 95, karibu mara mbili. Sasa mchukue mwenye ile ya gharama ya uso mzima, akivua dakika hizohizo 48 wastani wake ni 59. Umeona? Mwenye barakoa ya bei chee aliyekaa nayo muda wote kalindwa kuliko mwenye mtambo wa laki kadhaa anayeuvua vua. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri sio "mnatoa barakoa ya kampuni gani", ni "mmepanga wapi pa kupumzika pasipo na vumbi ili mtu avue kwa amani?"

Nidokeze na hili kabla sijasahau maana linaua haraka kuliko silika: barakoa ya vumbi haizuii gesi. Unayechoma zebaki umevaa N95 mvuke wote unaingia. Moshi wa baruti una kaboni monoksidi, nayo inapita. Na shimo lenye oksijeni chini ya asilimia 19.5 hakuna filta ya dunia hii itakusaidia, filta inachuja hewa, haitengenezi hewa. Hapo ni feni pamoja na kipimo cha gesi, au mtungi wa hewa, vinginevyo usishuke.

Programu yenyewe ni kitu gani

Wamarekani wana kanuni moja maarufu, 1910.134, ambayo migodi na viwanda vingi duniani wanaiga hata pasipo kuitaja. Ukiivua maneno ya kisheria inasema hivi: kabla hujampa mtu barakoa ya kubana andika mpango, mteue mtu mmoja anayejua kazi awe msimamizi wake, sio "kila mtu anahusika" maana hapo hakuna anayehusika. Halafu mpeleke mfanyakazi kwa daktari. Watu wanashangaa, daktari wa nini, si barakoa tu? Kuvuta hewa kupitia filta ni kazi ya ziada kwa mapafu na moyo, mtu mwenye pumu, mwenye presha isiyotulia au anayepata hofu akifunikwa uso anaweza kuzidiwa chini huko. Anajaza dodoso, ikibidi anapimwa, daktari anaandika anafaa au hafai au anafaa kwa masharti.

Cha muhimu hapo, na sehemu hii watu wanaichanganya sana: kinachorudi kwa mwajiri ni hilo jibu tu. Magonjwa yako, vipimo vyako, unameza nini, vinabaki kwa daktari. Kwa hiyo faili ni mawili, la kiusalama liko kwa seifti ofisa, la kitabibu liko kliniki, na yule mtu wa rasilimali watu hana ruhusa ya kulifungua la pili akikunja nne na chai mkononi. Mahali ambapo fomu yako ya kitabibu inazunguka ofisini kila mtu anaisoma hapo wafanyakazi wanaanza kudanganya kwenye dodoso, kila mtu anajibu "hapana, hapana, hapana" kwa sababu anaogopa kazi, na programu nzima inakuwa maigizo.

Baada ya daktari ndo inakuja fiti testi, yaani kupima kama barakoa hii, saizi hii, inakaa kwenye uso wako wewe. Inafurahisha kidogo ukiiona mara ya kwanza. Wanakuvika mfuko mkubwa kichwani, wananyunyiza kitu kitamu sana, sakarini, au kingine kichungu cha kukunja uso, kwanza bila barakoa ili wajue ulimi wako unaonja, halafu unavaa barakoa wananyunyiza tena, unapumua kawaida, unavuta kwa nguvu, unageuza shingo kushoto kulia, unainua na kuinamisha kichwa, unasoma maandishi kwa sauti, unainama. Karibu dakika moja kila zoezi. Ukionja tu, umefeli, unajaribu saizi au aina nyingine. Kuna na ile ya mashine inayohesabu chembe nje na ndani ya barakoa, kwa nusu uso inataka za nje ziwe angalau mara 100 ya za ndani ndo upite. Utaniuliza mbona kupita ni 100 halafu kazini unahesabiwa 10? Kwa sababu kwenye chumba cha kupimia hutoki jasho, hubebi drili, na hakuna anayekuita kwa kelele ukageuka ghafla.

Inarudiwa kila mwaka, na kabla ya mwaka kama uso umebadilika, umeng'oa meno, umepata kovu, umenenepa kwa wali wa kambini au umekonda. Na ndevu, hapa panakuwaga na ugomvi. Ndevu hata za siku mbili zikikaa pale kingo ya barakoa inapogusa ngozi zinaweka upenyo, hakuna kipimo utapita. Sio dharau kwa dini ya mtu wala kwa mtindo wa mtu, na suluhisho lipo, kuna kofia yenye feni ya betri inayosukuma hewa safi usoni bila kubana ngozi, ni ghali ndio, ila mwajiri anayemwambia Muislamu "nyoa au ondoka" bila hata kuulizia bei yake hajajaribu.

Kujikagua kila unapovaa, mafunzo, kuosha, kubadilisha filta, kutunza pasipo vumbi, hivyo vinaeleweka sitavichambua. Ila barakoa ikining'inizwa kwenye msumari karashani kutwa, ndani ikiangalia juu, kesho unavaa vumbi la jana.

Sasa tuje kwenye karatasi

Mwaka 1930 na 1931 kule West Virginia, Marekani, walichimba handaki la kupitisha maji ya umeme, Hawks Nest, mwamba wake ulikuwa silika tupu kwa sehemu kubwa, wakatoboa pakavu ili wawahi, wafanyakazi bila barakoa. Wengi walikuwa watu weusi waliotoka majimbo mengine kutafuta kibarua kipindi cha ukata. Wakaanza kufa ndani ya miezi. Bunge lao lilipochunguza 1936 ikatajwa namba ya watu 476, utafiti wa baadaye ukakadiria 764. Hebu tazama hilo pengo, karibu watu mia tatu ambao hatuna uhakika kama walikufa kwa vumbi au la, kwa sababu walioumwa walirudi makwao, wengine walizikwa bila mpangilio, na hakukuwa na rekodi kamili ya nani kafanya kazi wapi, kwa muda gani na nini kilimpata. Wamekufa na bado wanabishaniwa.

Geuka Afrika Kusini. Wachimbaji dhahabu waliopata silikosisi na TB walishtaki makampuni makubwa kwa pamoja, na 2019 mahakama ya Johannesburg ikapitisha makubaliano ya rand bilioni 5, ukaundwa mfuko unaitwa Tshiamiso wa kuwalipa waliofanya kazi kwenye migodi hiyo kuanzia Machi 1965 mpaka Desemba 2019. Walengwa wengi sio wa Afrika Kusini tu, ni watu wa Lesotho, Msumbiji, Eswatini na kwingine, wazee walioko vijijini. Na ili ulipwe lazima ionekane ulifanya kazi kwenye mgodi unaohusika, kwa kipindi hicho, na upimwe kifua. Mtu anapekua sanduku anatafuta kijitabu cha ajira cha miaka ya 70. Aliyekuwa mzembe wa kutunza karatasi anasumbuka akiwa mgonjwa, na akishafariki anasumbuka mjane wake.

Kwa hiyo karatasi gani hasa? Ya kwanza ni vipimo vya hewa. Mfanyakazi anavalishwa kipampu kidogo kiunoni, mpira unapanda mpaka kwenye kola karibu na pua, kinavuta hewa shifti nzima kwenye filta ndogo, filta inaenda maabara. Matokeo hayo yanatakiwa yaandikwe: nani, kazi gani, eneo gani, tarehe, namba. Hii ndo karatasi pekee inayojibu "vumbi lilikuwaje", na ndo ambayo sijawahi kukutana na mfanyakazi ana nakala yake.

Ya pili ni eksrei na kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine. Uzuri wa kupuliza uko kwenye kulinganisha. Kila mtu mzima uwezo wake wa kupuliza unashuka taratibu kwa umri, kama mililita 30 hivi kwa mwaka, hata asiyejua mgodi. Sasa mtu alizaliwa na mapafu makubwa anaweza kupoteza sehemu nzuri tu na bado daktari akamwambia "uko sawa" kwa sababu yuko ndani ya wastani wa watu wengine. Ukiwa na kipimo cha siku ya kwanza kazini unamlinganisha na yeye mwenyewe, na hapo unaona kashuka. Bila hicho cha kwanza vile vinavyofuata ni kama unaanza stori katikati. Na daktari mwenye faili za watu wote anaweza kuona kitu ambacho mgonjwa mmoja mmoja hawezi, kwamba wanaoshuka ni watoboaji wa eneo moja, na hapo tatizo sio mapafu yao, ni feni ya lile eneo.

Ya tatu ni fiti testi: jina, tarehe, aina ya kipimo, barakoa ya aina na saizi gani, kapita au kafeli. Na hapa kuna mtego. Kwa kanuni za viwandani za Marekani rekodi za kitabibu za mfanyakazi aliye kwenye sumu zinatunzwa muda wote wa ajira jumlisha miaka 30, za vipimo vya hewa miaka 30, lakini ya fiti testi mwajiri anaweza kuitupa mara tu ukifanya mpya. Kanuni mpya ya MSHA yenyewe ni fupi zaidi, vipimo vya silika miaka 5, maoni ya daktari ni ajira jumlisha miezi 6. Miezi sita! Kwa ugonjwa unaojitokeza baada ya miaka 10. Mi hapo siwaelewi. Ndo maana nasisitiza nakala iwe kwako, usitegemee kabati la mtu.

Kwetu hapa msingi ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, ya kwetu, usiichanganye na ya Wamarekani yenye jina hilohilo ambayo ndo yenye hiyo 1910.134. Inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza na mara kwa mara wakiwa kazini, na kwa desturi kuna na kipimo cha kuondoka, hicho ndo watu wanakikimbia kwa sababu wanawahi basi la kurudi Mbezi. Kikimbilie. Ni picha ya kifua chako siku unakabidhi kitambulisho. Migodi inaangaliwa pia na Tume ya Madini. Na fidia ya ugonjwa wa kazini iko WCF, mfuko ulioanza kazi 2015, anachangia mwajiri, wewe hukatwi. Ugonjwa wa kazi tofauti na ajali: ajali inaonekana, mguu umevunjika watu wameona, lakini kifua lazima uonyeshe kilivunjikia wapi, na hapo ndo unarudi kwenye zile karatasi tatu.

Kuna mazingira ya hapa kwetu yanafanya mambo kuwa magumu. Kontrakta ofisi yake kubwa iko Masaki au Mikocheni, mgodi uko kanda ya ziwa, kliniki iliyopima iko mji mwingine, mfanyakazi kwao Temeke. Faili lina nyumba nne na halina mwenyewe. Mkataba ukiisha kontrakta anaingia mwingine, wafanyakazi walewale, ovaroli mpya, faili jipya tupu. Halafu kuna ule mchezo wa kusaini mafunzo ya mwezi mzima kwa mkupuo siku mkaguzi anakuja, kalamu moja, mwandiko mmoja. Siku hiyo inaonekana mnamsaidia bosi, kumbe mnaandika kwa mkono wenu kwamba mlifundishwa, mlipewa, mlivaa, na siku kifua kikibana hiyo ndo karatasi itakayoletwa mezani kukupinga.

Na mafundi wa mjini msijione mko mbali. Anayekata granaiti za jikoni kwa grenda kavu, na hasa yale mawe ya kutengenezwa kiwandani ambayo silika inaweza kuzidi asilimia 90, yuko kwenye hatari ileile au zaidi. Australia wamepiga marufuku kabisa hayo mawe toka Julai 2024 baada ya vijana wao kuugua.

Wachimbaji wadogo je? Wale hawana mwajiri wa kuwachangia WCF, wana mwenye shimo na mgao. Hapo nakiri programu ya kwenye kitabu haiingii, ila vipande vyake vinaingia. Maji wakati wa kutoboa, N95 ya mikanda miwili, kidevu kilichonyolewa, na daftari lako mwenyewe: mwezi na mwaka, jina la shimo na eneo, kazi uliyofanya, kavu au kwa maji, na wenzako wawili waliokuwepo. Andika kwa kalamu, piga picha kwa simu, jitumie kwenye barua pepe maana simu zinaibiwa. Eksrei ukipigwa usiiache hospitali, siku hizi nyingi ni za dijitali, omba wakuwekee kwenye CD au flashi na uandike tarehe juu yake. Na ukikohoa wiki mbili mfululizo na umewahi kufanya kazi shimoni, hata kama ni miaka 15 iliyopita, ukifika kliniki ya TB taja shimo mapema kabisa kwa sababu pale wanaweza wasikuulize kazi za zamani mpaka useme mwenyewe, na kohozi likirudi halina TB usikubali kupewa dawa ya kikohozi ukarudi nyumbani, omba eksrei na uwape ile ya zamani waziweke pamoja.